Kucha Nyeupe za Shadrack

Kila asubuhi, kabla hajafunua sufuria la kwanza la chai, Telesia hufungua fundo la mtandio wake chini ya kidevu, huuvuta kwa mikono miwili, kisha hulifunga upya kwa nguvu zaidi. Halafu hutazama kushoto, hutazama kulia, ndipo hufunua. Ukimwuliza sababu atakwambia ni upepo, na Makambako ina upepo wa kutosha kumtetea mtu yeyote mwenye jibu kama hilo. Lakini mimi nimepanga chumba uani kwake, nakunywa chai yake kila siku, na najua upepo hauhusiki sana. Telesia hukaza mtandio anapohisi kuna jambo. Muuza maziwa akitokeza, hukaza. Namba ngeni ikipiga, hukaza kwanza ndipo apokee. Mteja akiuliza mara mbili kama viazi ni vya leo, hukaza, na mteja huyo atapewa vile vidogo.

"Anayeuliza mara mbili jibu analo tayari," aliwahi kuniambia. "Anataka kujua kama na mimi ninalo."

Mtandio wenyewe ni wa sufu, mzito, mwekundu. Ukishuka kwenye basi la Songea pale stendi unauona kabla hujaona meza yake ya chai na viazi vya kuchemsha. Aliutoa kwao Iwawa, Makete, ambako baridi haina mzaha, na tangu aje kufanya biashara Makambako hajawahi kuonekana hadharani bila huo.

Mama huyu ndiye mwenyekiti wa mashabiki wa Upepo, timu yetu ya besiboli.

Wageni hushangaa. Hata wenyeji walishangaa, mwaka ule mwalimu Lenard alipokuja na rungu la mbao, glavu chache zilizochakaa na mpira mgumu wenye mshono mwekundu. Lenard ni mtu wa Mlangali, huko Ludewa, naye alijifunza mchezo huo chuoni. Alikusanya vijana waliochoka kukaa benchi kwenye timu za mpira wa miguu, akawafundisha jioni katika kiwanja cha shule. Watu walipita wakicheka. "Mnawinda nini na marungu hayo?" walikuwa wakiuliza. "Mbona sungura simwoni?"

Telesia hakucheka, kwa sababu mmoja wa vijana wale alikuwa Shadrack.

Shadrack ni mtoto wa Scola, rafiki yake Telesia tangu darasa la kwanza. Scola alisafiri naye kutoka Iwawa kumleta ajifunze ufundi wa pikipiki, akamsimamisha mbele ya meza ya chai. "Telesia, huyu ni wako," alisema. "Akiharibika nitakuuliza wewe, sitamwuliza yeye." Tangu siku hiyo, kila asubuhi kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu kilikuwa cha Shadrack, na kilijaa kabla hajafika. Kwa hiyo Telesia alikwenda kiwanjani kuona mtoto wa mwenzake anafundishwa nini. Alikwenda akiwa na shaka, kama anavyokwenda kila mahali.

Lenard alimpa karatasi za sheria za mchezo, zilizoandikwa kwa Kiingereza. Telesia aliniletea chumbani usiku ule ule.

"Wewe umesoma chuo kikuu," alisema, akakaa kitandani kwangu. "Nisomee. Uniambie wanaibia wapi."

Nilimweleza kadiri nilivyoelewa. Mrushaji anatupa mpira. Mpigaji anasimama na rungu kuungoja. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, ambaye anaudaka ukimpita. Mpigaji akiupiga vizuri, anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akirudi alipoanzia timu yake inapata pointi. Alisikiliza mpaka nilipofika pale ambapo mkimbiaji anaruhusiwa kukimbilia kituo cha mbele wakati mrushaji hamwangalii.

"Kimyakimya?"

"Ndiyo, mama."

"Na mwamuzi anaona?"

"Anaona."

"Halafu?"

"Anaruhusu."

Alikaza mtandio. Kisha, polepole, akatabasamu, jambo ambalo sijaliona mara nyingi. "Basi huu ni mchezo wa watu walio macho," alisema. Kuanzia hapo hakukosa hata mechi moja, nami nikawa nafuatana naye, yeye akibeba chupa ya chai na mimi kitabu.

Mwaka wa kwanza Upepo ilipigwa na kila aliyejitokeza. Timu ya Njombe, wapinzani wetu wakubwa, walitupiga hadi Lenard akaomba mechi imalizwe mapema kwa sababu ya mvua, na mvua haikuwepo. Mwaka wa pili mambo yaligeuka. Praygod, kijana mrefu anayepakia mbao kwenye malori, alijifunza kurusha mpira wa kuzama. Unatoka mkononi kama ule wa kasi, mpigaji anajiandaa kwa kasi, na ghafla unapunguza mwendo na kuzama chini ya rungu. Wanaume wazima walikuwa wanajizungusha na kuanguka. Tuliipiga Njombe nyumbani, tukaipiga kwao. Waliokuwa wakiuliza sungura yuko wapi sasa walikuja na viti.

Halafu ikaja mechi ya mwisho ya mwaka ule, ambayo mshindi wake angekwenda mashindano ya Dodoma. Tulikuwa mbele. Praygod akarusha mpira wa kuzama, nao haukuzama. Odilo, mpigaji hodari wa Njombe, aliupiga ukapita juu ya vichwa vyetu sote, ukaenda kuangukia kwenye mahindi ya watu. Safari ya Dodoma ikaenda na mpira huo. Telesia hakula siku ile. Na tangu hapo hakuupenda tena mpira wa kuzama. Alisema ni mpira usioaminika.

Lazima nieleze tunakaa wapi, kwa sababu jambo lote liko hapo. Kiwanja chetu kina tuta la udongo ambalo greda liliacha lilipokuwa linasawazisha uwanja. Liko nyuma ya mrushaji, likitazamana moja kwa moja na mpigaji. Ndipo mashabiki hukaa, na Telesia hukaa katikati kabisa, juu. Njombe hakuna tuta. Upande ule kiwanja chao kinaishia kwenye bonde, kwa hiyo watu wote hukaa kwenye ngazi nyuma ya mdakaji.

Na lazima nieleze habari za kucha. Mrushaji na mdakaji hupatana aina ya mpira kwa ishara. Mdakaji akichuchumaa huficha mkono kati ya mapaja na kutoa vidole: kimoja ni kasi, viwili ni wa kuzama. Mpigaji amempa mgongo, hawezi kuviona. Lakini masika, ukungu ukishuka, hata Praygod alikuwa havioni, na zaidi ya mara moja Shadrack, mdakaji wetu, alijiandaa kwa mpira wa kuzama akapigwa kifuani na wa kasi. Ndipo Shadrack akaenda sokoni akanunua rangi nyeupe ya kucha.

Fundi pikipiki, mikono myeusi kwa oili hadi kwenye viwiko, na kucha nyeupe kumi. Stendi nzima ilikuja kutazama.

"Shadrack, harusi lini?" Anold alimwuliza. Anold ni wakala wa mabasi, ana kofia ya pama ambayo huivua na kuivaa bila sababu, na mdomo wake haujawahi kupumzika.

"Siku utakayolipa plagi yangu," Shadrack alimjibu, akanyanyua kikombe chake cha bati huku vidole vyote vikiwa wazi, bila aibu.

Telesia alizitazama zile kucha. Alikaza mtandio.

Jioni alikuja kuketi kwenye kizingiti changu. "Mtu asiye na jambo hapaki kucha," alisema.

Nilimwambia kwamba ni kwa ajili ya ukungu.

"Ukungu haupo kila siku. Yeye anapaka kila siku."

Shaka hiyo ndiyo iliyomfanya aanze kumtazama. Kutoka juu ya tuta, kwa macho yake ya mtu aliyekulia milimani, aliona zile nukta nyeupe kati ya magoti ya Shadrack, na haikuchukua muda akaanza kuzisoma. Alininong'oneza mimi tu. "Kasi," angesema, na mpira ukaja wa kasi. Kisha angenyamaza, akashika fundo chini ya kidevu, akalifungua, akalivuta kwa nguvu, nami nikajua bila kuambiwa kwamba unakuja ule asioupenda.

Nilijua, na sikufikiria chochote. Nilikuwa nimeshazoea.

Msimu huu ulianza vibaya. Njombe walikuja kwetu wakatupiga. Tukaenda kwao tukawapiga. Wakaja tena, wakatupiga vibaya zaidi. Mipira ya kuzama ya Praygod, iliyokuwa ikiangusha watu, sasa Odilo na wenzake waliingoja kwa utulivu kama mtu anayengoja chai ipoe, kisha wakaipiga popote walipotaka. Tulipokwenda kwao, walijizungusha na kuanguka kama zamani.

Timu inayoshinda ugenini na kupigwa nyumbani humfanya kila mtu awe mpelelezi. Watu walianza kukaa mbali mbali juu ya tuta. Waliongea wakitazama pembeni. Lenard alibadilisha ishara mara moja, lakini Praygod akachanganyikiwa, wakarudi kwenye zile za zamani. Wengine walisema Praygod amechoka. Wengine walisema mwamuzi.

"Si mwamuzi," Telesia alisema. "Mtu anawaambia."

Alikuwa na hakika, na sikuweza kumlaumu, kwa sababu nami nilikuwa nimeanza kuamini. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kumshuku na yeye alikuwa naye. Kucha zilipakwa ili zionekane, alisema. Sasa zinaonekana. Mpigaji amegeuka, sawa, lakini si lazima aone yeye. Inatosha awepo mtu huku juu ya tuta, mtu wa Njombe au aliyekubaliana na Njombe, anayeona vidole na kumpa mpigaji ishara. Shadrack anaonyesha, huyo anapitisha.

Basi akaanza kumtafuta mpitishaji. Mechi nzima alikuwa na macho mawili tu na kazi tatu: vidole vya Shadrack, mpigaji, na watu waliomzunguka. Alimshuku Anold kwa ile kofia. Alimhamisha Anold.

"Wewe, nenda ukakae chini kule."

"Kamwene, mwenyekiti!" Anold alisema, kwa salamu ya huku kwetu. "Nimefanya nini?"

"Kofia yako ina mambo mengi."

"Ni kofia tu, mama. Kichwa kinawasha."

"Kikawashie chini."

Anold akashuka akilalamika, watu wakacheka, na Odilo akaupiga mpira wa kuzama uliofuata hadi kwenye uzio. Telesia alinitazama. Kwa hiyo si Anold, macho yake yalisema. Bado yupo hapa. Akawatazama wote waliobaki mmoja mmoja, na kwa muda mfupi akanitazama hata mimi.

Asubuhi iliyofuata kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu kilikuwa kimefunikwa kifudifudi chini ya meza. Shadrack alifika akiwa na nati mkononi, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Chai yangu?"

"Imekwisha."

Sufuria lilikuwa linatoa mvuke kati yao. Shadrack akautazama mvuke, akamtazama Telesia, akatazama kucha zake mwenyewe. Sidhani alielewa, lakini alijua pa kuishia. "Haya, mama," alisema, akaenda. Ilikuwa hivyo kila asubuhi. Baada ya muda akaacha kuuliza, ila aliendelea kupita na kusalimia, na salamu ile ilinifanya nishindwe kumaliza chai yangu.

Ilibaki mechi moja na Njombe, nyumbani, siku ya Jumamosi. Tukishinda, Dodoma. Lenard aliitisha kikao cha timu na mashabiki kifanyike Jumapili yake, baada ya ibada, chini ya bati la ofisi yake. Telesia alimwendea siku moja kabla ya mechi, nami nilikuwepo.

"Jumapili nitamtaja mtu," alisema.

Lenard alivua miwani. "Mama Telesia, ukimtaja mtu mbele ya vijana wale, mtu huyo amekwisha. Si kwenye timu tu. Stendi nzima itasema ameuza mechi. Nani atampa pikipiki yake atengeneze?"

"Najua."

"Na kwao watasikia."

Nadhani hapo alimwona tena Scola amesimama mbele ya meza ya chai. "Kwao nitakwenda mwenyewe," alisema.

Njiani kurudi nilitaka kumwambia asubiri. Maneno niliyaandaa vizuri, kama ninavyoyaandaa siku zote, mpaka tukafika nyumbani, akafungua mlango wake, akaingia.

Jumamosi kulikuwa na jua kali na upepo. Watu walijaa juu ya tuta na chini yake. Mechi ilikwenda kama tulivyoogopa: Njombe walipata pointi, wakapata nyingine, na kila walichopata kilitoka kwenye mpira wa kuzama. Vidole vya Telesia viliufungua mtandio na kuukaza, vikaufungua na kuukaza.

Katikati ya mchezo chupa ya chai iliisha, akaniambia niende kwenye nyumba ya mlinzi kuijaza. Njia inapita nyuma ya benchi ya wageni. Sipendi kupita mbele ya kundi la wanaume, kwa hiyo nilipita nyuma kabisa, karibu na uzio, nikiinamisha kichwa. Ndiyo maana hawakuniona. Odilo alikuwa anamfundisha kijana mgeni aliyekuwa anangoja zamu ya kupiga.

"Usimwangalie mrushaji. Mwangalie yule mama mwenye mtandio mwekundu, juu pale."

"Nani, yule mnene?"

"Mheshimu huyo, mwite mama. Akikaza mtandio, tulia, mpira unazama. Asipokaza, piga mapema."

"Kila mara?"

"Hajawahi kutudanganya. Wenzetu wana mashabiki, sisi tuna huyu," Odilo akasema, na benchi nzima ikacheka kwa sauti ya chini, kicheko cha watu waliokicheka hicho hicho msimu mzima.

Nilisimama pale na chupa tupu. Nilitazama walikokuwa wakitazama. Tuta lote lilikuwa rangi ya udongo, nguo zilizopauka, makoti, kofia, na katikati, juu ya wote, kulikuwa na kitu chekundu kisichoweza kumpita mtu mwenye macho. Mikono miwili ikapanda chini ya kidevu. Fundo likafunguliwa, likavutwa. Mpigaji wa Njombe akatulia, akangoja, akapiga.

Sikujaza chai. Nilirudi nikipanda tuta kwa haraka, nikaketi kando yake. Pembeni yetu kulikuwa na watu. Nilitafuta maneno ambayo ningeweza kuyasema bila wao kusikia, na nilipata haya tu:

"Mama, nasikia baridi. Naomba mtandio."

Aligeuka. Jua lilikuwa linatuchoma sote. Mimi nilikuwa nimevaa koti.

"Wewe," alisema polepole.

"Naomba, mama."

Alinitazama kwa macho yale ambayo muuza maziwa huyajua. Lakini Telesia, pamoja na shaka zake zote, hajawahi kumnyima mtu joto. Alifungua fundo, akauvua mtandio, akaniwekea mabegani. Nywele zake, ambazo sikuwahi kuziona nje ya nyumba, zilikuwa na mvi mbele. Niliweka mikono yangu juu ya kitabu na sikuisogeza tena.

Odilo akaja kupiga. Akatazama juu ya tuta. Akatazama tena. Akarudi nyuma, akalipangusa rungu, akageukia benchi yao na kuinua mabega. Shadrack akachuchumaa na kutoa vidole viwili. Kando yangu mkono wa Telesia ulipanda chini ya kidevu, ukakuta hakuna kitu, ukabaki hapo umeshika shingo yake. Praygod akarusha. Odilo akapiga kwa nguvu zote, mapema mno, akazunguka na kukaa chini vumbini.

Tuta zima likalipuka. "Kaa, baba, kaa!" Anold alipiga kelele kutoka chini alikohamishiwa. "Tukuletee kigoda?"

Kuanzia hapo Njombe hawakupata tena hata pointi moja. Vijana wetu walipata moja, wakapata ya pili, mkimbiaji wetu wa tatu akakamatwa akiwa karibu kabisa kufika, na mwamuzi akainua mkono kumaliza. Tulipungukiwa pointi moja. Njombe walikwenda Dodoma.

Watu waliteremka tuta. Telesia alibaki ameketi. Aliponyoosha mkono kudai mtandio wake, nilikuwa bado sijaupata ujasiri.

"Nani alikutuma?" aliniuliza.

"Hakuna, mama."

"Koti unalo. Jua linawaka. Unanivua mtandio mbele ya watu, na hapo hapo Njombe wanaanza kukosa. Usinifanye mtoto. Ulikuwa unampa nani ishara?"

Basi nikamwambia. Nilimwambia niliyoyasikia nyuma ya benchi, neno kwa neno, hata neno la mnene. Alisikiliza akiwa ameushika mtandio magotini. Nilidhani hataniamini, na kwa muda hakuniamini. Aliniuliza nani mwingine amesikia, na kwa nini nipite nyuma badala ya mbele, na kama Odilo aliniona. Kisha nikamwona anarudi nyuma kichwani, mechi kwa mechi, nyumbani na ugenini, kutoka kwenye tuta hadi kwenye ngazi za Njombe ambako hakuna anayemtazama. Mikono yake ikainua mtandio kuelekea kichwani, ikasimama njiani, ikaushusha.

Tulirudi nyumbani, yeye kichwa wazi katika upepo ule.

Usiku nilifikiri kwamba angeweza kunyamaza. Waliojua ni mimi na Njombe, na Njombe hawakuwa na haraka ya kusema. Watu walikuwa na hasira na walihitaji jina, na jina la Shadrack lilikuwa tayari midomoni mwa wengi, kwa sababu kikombe kilichofunikwa kila asubuhi stendi nzima ilikiona. Hata asingemtaja, wangemtaja wao.

Jumapili chini ya bati lile hapakuwa na nafasi ya kukaa. Shadrack alisimama nyuma kabisa, mlangoni, mikono mifukoni. Praygod, anayeshiriki naye chumba, aliniambia baadaye kwamba usiku ule Shadrack alikuwa amesugua kucha zake kwa petroli mpaka rangi ikatoka. Lenard alimwita mwenyekiti wa mashabiki. Telesia alisimama na mtandio begani, haukufungwa.

"Niliahidi kumtaja mtu," alisema.

"Mtaje!" mtu akaitikia.

"Tunamjua!" akasema mwingine, na vichwa kadhaa vikageuka kuelekea mlangoni.

"Hamumjui. Hata mimi nilikuwa simjui. Ni mimi."

Watu walicheka, wakidhani ni utangulizi wa jambo. Akaeleza. Alieleza kama anavyoeleza bei, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba anazisoma kucha za Shadrack tangu masika, kwamba mpira wa kuzama humtia hofu, kwamba hofu ikimpata hufanya hivi. Akashika mtandio akaonyesha, hapo mbele yao, na kila aliyewahi kunywa chai stendi akaona kitu alichokiona maelfu ya mara.

Kicheko kilikwisha.

"Yaani mama," Anold akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na utani, "Dodoma imetupita kwa sababu ya mtandio? Na mimi ukanifukuza kwa sababu ya kofia?"

"Ndiyo."

"Msimu mzima?"

"Ndiyo, Anold."

Kulikuwa na manung'uniko mengi. Mtu mmoja alisema mwenyekiti aondoke. Lenard alisema hilo litajadiliwa, na nadhani bado linajadiliwa. Mimi nilikuwa nikimtazama Shadrack. Alikuwa ametoa mikono mifukoni.

"Mama," aliita kutoka mlangoni, "kutoka kule juu ya tuta unaviona vidole vyangu?"

"Naviona."

"Vyote?"

"Hata kile cha kushoto chenye kovu."

Alitikisa kichwa, na sikujua kama ni kwa hasira au kwa kustaajabu. Akatoka bila kuaga.

Jumatatu niliamka mapema kuliko kawaida yangu. Telesia alikuwa tayari mezani. Nilimwona anashika fundo chini ya kidevu, analifungua, analivuta, analifunga. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kikombe chenye ukingo wa buluu kilikuwa kimesimama juu ya meza, kimejaa, kimefunikwa kwa kisahani kisipoe. Chai ile ilipopoa aliimwaga na kumimina nyingine ya moto.

Shadrack alifika akiwa amechelewa. Kucha zake zilikuwa nyeusi kama za mafundi wengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chai hiyo."

Alifunua kisahani, akaitazama ile chai kwa muda, akainusa, kama Telesia anavyonusa maziwa. Telesia alimwona, akaendelea kupangusa meza. Hatimaye Shadrack akanywa, akiwa amesimama, akakirudisha kikombe mezani taratibu na kwenda kwenye pikipiki zake.

Katika muda wote huo wa kukaa naye, Telesia alikuwa ameniuliza maswali mengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na mimi sikuwahi kumwuliza hata moja. Nilisubiri basi la Mbeya lipite na kelele zake.

"Mama," nilisema, "watu wote wale juu ya tuta, na kiwanjani. Kwa nini ulimshuku Shadrack?"

Aliendelea kupangusa pale kikombe kilipokuwa.

"Kwa sababu yeye ndiye niliyekuwa namwangalia."